Ulimi wa Kuonjea Sabuni

Sabuni huonjwa. Watu wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa hiyo naanzia hapo. Katika banda la ushirika wetu hapa Gisenyi, juu kidogo ya barabara inayoteremka kwenda mpaka mdogo wa Goma, kipande cha sabuni hakikupigwa chapa mpaka kimeguswa na ulimi wa mtu. Si kwamba kililiwa. Unalowesha kidole, unakipitisha juu ya sabuni, kisha unakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Sabuni iliyoiva ina ladha ya sabuni tu, mbaya lakini tulivu. Isiyoiva inakuvuta ulimi kama vile umelamba betri ya redio. Ukiionja mara moja huisahau.

Kinachouma ni soda kali. Wanawake wetu, ambao wengi walikulia Kongo, wanaiita sude. Inakuja katika magunia, nyeupe, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Ndiyo inayozibua mabomba ya jikoni katika hoteli za ufukweni, ndiyo inayoosha chupa viwandani kabla hazijajazwa tena, na ndiyo inayobandua rangi kuukuu kwenye milango. Hizo zote ni kazi tofauti, lakini siri yake ni moja: soda kali ikikutana na mafuta, inayageuza sabuni. Haijali kama mafuta hayo ni mawese yaliyovuka kutoka Goma au ni mafuta ya mwili wako. Ikikudondokea mkononi utahisi utelezi kati ya vidole. Utelezi huo ni ngozi yako mwenyewe ikianza kuwa sabuni.

Huwa nawaambia hivyo wanachama wapya siku ya kwanza, na wengine hurudi nyuma. Nawaambia msiogope. Vaa glavu, vaa miwani. Mimina soda kwenye maji, wala usithubutu kumimina maji kwenye soda, kwa sababu yatachemka na kukurukia usoni. Mtoto mwache nyumbani. Ukishika hayo machache, unaweza kufanya kazi hii mpaka uzee na mikono yako ikabaki mizuri. Kisha taratibu wanasogea tena, nami nawaonyesha jinsi ya kukoroga.

Aliyezeeka nayo kuliko wote ni mama yangu mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea Goma na ambaye nilirudi naye Rwanda. Alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha ushirika huu wakikorogea mawese kwenye pipa chini ya turubai. Mabega yake yalipokataa kukoroga, watu walianza kunong'ona, maana ushirika una kanuni moja isiyo na huruma: asiyefanya kazi si mwanachama. Nyumbani hakuwa na kitu cha kumngoja. Mume alikwishakufa, watoto wake walibaki ng'ambo, na chumba alichokuwa akikaa kwangu kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Banda ndilo lililokuwa maisha yake, kwa kelele zake na uji wa saa nne.

Kilichomwokoa ni ulimi. Waonjaji wengine walikuwa wanachoka haraka. Kalibu chache tu, yaani maboksi tunamomimina sabuni igande, zikishaonjwa, ncha ya ulimi inachubuka, mtu hahisi tena, naye analalamika chai inamuunguza. Mama mkubwa aliweza kuonja kalibu zote za asubuhi, moja baada ya nyingine, kisha akanywa uji wa moto bila hata kupepesa jicho. Wanawake walistaajabu. Wakakubaliana kwamba ni ugoro aliouweka mdomoni tangu ujana uliompika ulimi, kama vile mikono ya mchoma mahindi inavyopikwa na jiko mpaka anageuza kaa kwa vidole. Waliwaza hivi: ulimi ambao hauogopi sude ndio unaoijua sude. Hakuna aliyefikiri vinginevyo. Wakampa kigoda karibu na mlango, na neno la mwisho likawa lake. Alifumba macho, akaonja, akasema "Imeiva" au "Bado." Sabuni iliyoambiwa bado ilirudi kwenye rafu, hata kama mnunuzi amesimama nje na gari linanguruma.

Nieleze na ugoro, kwa sababu bila huo hadithi haieleweki. Mama mkubwa alinunua majani makavu ya tumbaku sokoni Mahoko, akayakausha tena juu ya bati, akayatwanga pamoja na majivu ya maganda ya ndizi. Majivu hayakuwekwa kwa ajili ya ladha. Ndani ya tumbaku kuna nikotini, na kwenye jani kavu nikotini imefungwa, haiachii haraka. Majivu ni ndugu wa soda kali, ila mpole zaidi. Yanaifungua nikotini, nayo inapenya ngozi laini ya mdomoni na kufika kichwani kabla hujafunika kopo. Ugoro usio na majivu mama mkubwa aliutema na kuuita chakula cha mbuzi.

Nikotini ni sumu ya mmea dhidi ya wadudu. Wakulima wa huku kwetu waliloweka tumbaku wakanyunyizia mboga maji yake kabla dawa za madukani hazijafika, na wadudu walianguka. Kwa binadamu, kwa kiasi kidogo, inafanya kitu kingine: inaburudisha, kisha inadai irudishwe. Lakini si hiyo inayotisha zaidi. Kuna kemikali nyingine zinazozaliwa ndani ya jani lenyewe linapokauka na kuchacha. Hazina harufu wala ladha ya pekee. Zinakaa pale ugoro unapokaa, mwaka baada ya mwaka, zikibadilisha seli za mwili polepole mpaka seli hizo zinasahau kuacha kuongezeka.

Nilimweleza haya mara nyingi, kwa upole, akiwa anatwanga.

"We na darasa yako," alinijibu. "Mi nilianza ugoro mbele mama yako akuzae. Kama ingeniua, nani angekuogesha?"

"Mama mkubwa, haiui siku moja."

"Bon, basi niko na siku zingine. Niletee ile chekeche."

Msimu wa mvua uliofuata ulikuwa mrefu. Mvua ikizidi, banda linakuwa na unyevu na sabuni inachelewa kuiva, hivyo ulimi wa mwonjaji ndio pekee unaojua kama tusubiri. Mama mkubwa alisema imeiva, tukapiga chapa, tukauza.

Kisha akaja mwanamke mmoja wa Bugeshi. Ilikuwa asubuhi, banda limejaa. Ni mkulima wa viazi, mrefu, amevaa koti la mvua na mabuti yenye udongo mweusi wa kule chini ya volkano. Mikono aliifunga kwa kitenge. Hakusalimu.

"Mama Prezida ni nani hapa?"

Rais wa ushirika wetu, ambaye sote tunamwita Mama Prezida, alitoka nyuma ya mizani akijifuta mikono. Ni mwanamke aliyefanya biashara ya mpakani tangu ujana, na uso wake haumwambii mtu kitu asichotaka kusema.

"Ni mimi. Karibu, mama."

Mwanamke yule alifungua kitenge. Viganja vilikuwa vyekundu, ngozi imebanduka kwa vipande kama karatasi iliyolowa, na kati ya vidole kulikuwa na mipasuko inayotoa maji.

"Hii mikono inashikaka dawa ya viazi tangu mi binti," alisema. "Pompe inavuja ku mugongo, dawa inashuka mupaka ku matako, na sijabanduka hata siku moja. Nimefua na sabuni yenu. Angalia!"

Neno matako liliwachekesha wasichana wa kwenye kalibu. Mama Prezida hakucheka.

"Labda ni ile dawa yako, mama. Ilikuwa ku mikono, ikachanganyikana."

"Njo unasema hivyo?" Alitoa kipande cha sabuni mfukoni, chenye chapa yetu, akakiweka juu ya meza. "Basi oga nayo. Hapa hapa. Tukuangalie."

Nilichukua kile kipande, nikalowesha kidole, nikaonja. Ulimi ulivutwa mpaka machozi yakanitoka. Nikawaambia wote, bila kuzungusha, kwamba sabuni ni mbichi, kwamba mama huyu anasema kweli, na kwamba kalibu zote za wakati ule zinapaswa kurudishwa zikayeyushwe upya. Nilisema pia kuna karatasi ndogo za kupimia zinazouzwa mjini. Unazilowesha kwenye maji ya sabuni, rangi inabadilika, na rangi inakuambia kama soda imebaki nyingi. Ni kitu rahisi, mtu yeyote anaweza kujifunza.

"Tutanunua," alisema Mama Prezida. "Lakini kwanza tujue kosa iko wapi." Akamgeukia mama mkubwa. "Mukubwa, si ni wewe ulionja?"

"Ni mi," alijibu mama mkubwa kutoka kwenye kigoda. "Na ilikuwa imeiva. Huyu atakuwa aliiacha ku mvua."

Mwanamke wa Bugeshi alicheka kwa pua. "Eh, mvua njo inaoteshaka sude!"

Mama Prezida alikwenda nyuma ya pazia la nailoni. Aliporudi alikuwa na kifuniko cha ndoo, na juu yake vipande vya sabuni. Kimoja nilikitambua mara moja. Kilikuwa bado cha manjano, laini, kinatoa jasho la mafuta pembeni. Kilikuwa cha kalibu tuliyomimina jana yake, na soda ndani yake ilikuwa bado na njaa. Vingine vilikuwa vikavu, vya zamani.

"Leo hapana kidole," alisema. "Utaweka ku ulimi, mukubwa, bantu baone."

"Mama Prezida, kimoja ni cha jana," nilisema kwa sauti. "Kitamuunguza."

"Si ni ile tunatafuta? Ulimi yenye inasikia itatema mara moja. Mutu anayesikia haungui."

Nilisimama katikati yao. Nikawaeleza kwamba kemikali hii haingoji mtu akubali kuwa inauma, inaanza kazi pale inapogusa. Lakini mama mkubwa alinishika mkono, akanisogeza kando kama mtoto.

"Nyamaza, binti. Unanipatisha haya." Kisha akawaambia wote: "Leteni."

Nilimjua. Kama angekataa, kigoda kilikuwa kimeondoka asubuhi ileile. Kama angeonja akakosea, pia kilikuwa kimeondoka. Kulikuwa na njia moja tu ya kubaki, nayo ilikuwa mbele yake juu ya kifuniko cha ndoo. Wanawake walikusanyika. Mwanamke wa Bugeshi alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaketi kama mtu aliyefika mpirani kabla mchezo haujaanza.

Mama mkubwa alifumba macho, kama alivyozoea. Kwake kuangalia sabuni wakati wa kuonja kulikuwa wizi. Alipokea kipande cha kwanza, akakiweka ulimini, akakitoa.

"Imeiva."

Ni kweli kilikuwa kimeiva. Mama Prezida akampa kile cha manjano.

Alikiweka ulimini. Alikaa. Nikaona midomo yake inasogea kidogo, inakihamisha kipande kutoka upande mmoja hadi mwingine, taratibu, kama mtu anayepapasa ufunguo ndani ya mkoba. Alikuwa anautafuta uchungu. Alijua kwamba uko mahali fulani, kwa sababu mtu mmoja nyuma alikuwa amebana kicheko na kikamponyoka, na mama mkubwa alikisikia. Mate yakaanza kumtiririka kidevuni.

"Imeiva," alisema. Kisha, akiwa bado amefumba macho: "Kidogo."

Wakaangua kicheko. "Imeiva kama kiazi ya mawe!" alisema mmoja. Mwingine akasema, "Mumupatie na mukate!"

"Rudia, mukubwa," alisema Mama Prezida kwa sauti ya adabu. "Labda haukuonja muzuri."

Naye akarudia. Alikipokea tena na kukiweka mdomoni, kwa utii, kama mwanafunzi aliyeambiwa aanze upya hesabu.

Nilimkamata taya, nikaingiza kidole, nikakitoa. Nikavuta dumu la maji, nikamwinamisha na kumsukutua. Msichana mmoja, aliyetoka kucheka na sasa analia, alikuja mbio na ndimu iliyokatwa. "Ndimu inakataka sude," alisema. Nilimsukuma mkono. Naomba mlikumbuke hili hata mkisahau mengine yote niliyoandika hapa: soda kali ikimwingia mtu mdomoni, machoni au kwenye ngozi, ni maji, maji mengi, kwa muda mrefu. Si ndimu wala siki. Tindikali ikikutana na soda inatoa joto, nawe utakuwa unampikia mtu kidonda chake. Kama amemeza, usimtapishe, maana kilichomuunguza kikishuka kitamuunguza tena kikipanda. Mpeleke hospitali.

"Mbona mnanimwagia maji?" mama mkubwa aliuliza, akitema. "Haiumi."

Kilichotoka pamoja na maji kilikuwa na nyuzi za damu na vipande vyeupe vya utando. Aliviangalia sakafuni kama vitu vilivyoanguka kutoka kwa mtu mwingine.

Nilimkalisha, nikawasha taa ya simu, nikamwambia afungue kinywa. Juu ya ulimi soda ilikuwa imeacha weupe, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nililitarajia hilo. Lakini ndani ya mdomo wa chini na ubavuni mwa ulimi, pale alipozoea kuweka ugoro, kulikuwa na kitu ambacho soda haikukifanya. Ngozi ilikuwa nene, imekunjamana, ya rangi ya kijivu. Katikati yake palikuwa na kidonda chenye kingo zilizoinuka. Nilikigusa kwa kidole chenye glavu. Kilikuwa kigumu kama gegedu ya sikio. Hakushtuka.

Mwanamke wa Bugeshi alikuwa ameinuka kwenye ndoo yake. Aliinama, akaangalia juu ya bega langu, na sauti yake ikabadilika.

"Disi," alisema, neno letu la kumhurumia mtu. "Hiyo si ya leo."

Mama Prezida naye aliangalia. Aliangalia kwa makini, kisha akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukasema kitu. Ulisema kwamba amepumua.

"Donc basi ni ulimi," alisema. "Sude yetu haina shida."

Akampa mwanamke wa Bugeshi sabuni kavu za zamani, mfuko mzima, na kumwahidi kwamba mwonjaji ameshabadilishwa.

Hospitalini walikata kinyama kidogo wakakipeleka Kigali, na jibu likarudi kuwa ni saratani. Daktari alikuwa kijana aliyechoka, lakini alijitahidi kutueleza. Ugoro uliokaa mahali pamoja miaka yote ulikuwa umeifanya ngozi kuwa nene na kuitia ganzi, na chini ya unene huo seli zilikuwa zimeharibika bila kelele yoyote. Nilimuuliza kama kuonja sabuni nako kulichangia. Alisema hawezi kutenganisha. Vitu viwili vyenye ukali wa aina moja vilipita mahali palepale kila siku, na mwili hauandiki risiti. Alichojua kwa hakika ni kwamba tumbaku peke yake ingetosha.

Nilielewa hapo kosa letu lote. Ulimi wetu hodari, uliokuwa hauogopi sude, ulikuwa ulimi uliokufa. Tulimchagua kwa sababu hakuhisi, kisha tukamwamini kama mtu anayehisi kuliko sote. Na ule ulimi ulivyozidi kufa, ndivyo tulivyozidi kuusifu.

Mama mkubwa alikuwa na swali moja. "Nitaonja tena?"

Daktari alidhani anazungumzia chakula. "Utaonja, mama. Polepole. Utaanza na uji."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa amechangamka. Mimi niliyeelewa sikumsahihisha. Aliwapungia mikono wanawake waliokuwa wanapanda kutoka mpakani na mabeseni yao, kama mtu aliyetoka kupandishwa cheo.

Walimfanyia upasuaji Kigali. Waliondoa ubavu wa ulimi na sehemu ya mdomo wa chini, wakashona kilichobaki. Wanawake wa ushirika walikuja kumwona alipotoka, wakiwa wamevaa vitenge vya Jumapili, na zawadi waliyoleta ilikuwa sabuni. Niliipima kwa zile karatasi za kupimia, nilizokuwa nimejinunulia mjini, baada ya wao kuondoka. Ilikuwa ya kalibu zile mbichi, imekatwa upya na kufungwa vizuri kwa utepe.

Mama mkubwa aliachishwa ugoro wa mdomoni na kisu chenyewe, maana hapakuwa tena na mahali pa kuuweka. Basi akauhamishia puani. Nilipomkuta anavuta nyuma ya nyumba, machozi yakimlenga, aliniambia kwa maneno yake mapya yaliyovunjika kwamba puani hakuna kidonda. Mnielewe, hakuwa mjinga. Nikotini imeshajijengea nyumba kichwani mwa mtu, nayo haihami kwa sababu mlango mmoja umefungwa. Ndivyo inavyofanya kazi. Ukimwona mtu wako hivyo, usimtukane. Kaa naye, na kesho ukae naye tena.

Siku aliyorudi bandani alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda. Juu yake palikuwa na boksi la karatasi za kupimia. Alilishika, akaligeuzageuza, akaliweka chini taratibu, akaketi. Wasichana waliendelea na kazi. Mmoja akamwambia mwenzake kitu kwa sauti iliyoigiza ile ya mama mkubwa, ulimi umebanwa na mate yanaingia kwenye maneno, na wote wawili wakainamia kalibu wakitikisika mabega. Alifanya kana kwamba hakusikia. Alikaa mpaka saa nne, akasubiri uji, na uji ulipokuja alimpa mgongo kila mtu ili wasimwone anavyounywa.

Mkutano ulifanyika wiki hiyo. Ajenda ilikuwa yeye, na yeye alikuwepo. Mama Prezida alisoma kanuni: asiyefanya kazi si mwanachama. Nilisema kwamba mama huyu alikuwepo tangu pipa la kwanza. Nilisema anaweza kufunga sabuni kwenye karatasi. Wakasema mate yake yatadondokea sabuni, na wateja wataona.

Hapo Mama Prezida aliinua mkono. Alikuwa na wazo, na ninaamini kabisa kwamba alilifikiri kuwa la wema.

"Hawa wasichana wapya bote banakujaka na ugoro na sigara zao za mpakani. Tunabaambia, habasikii. Mukubwa aketi ku mulango. Mupya akiingia, mukubwa anafungua kinywa, yeye anaona. Hiyo nayo ni kazi."

Wakapiga makofi.

"Mama huyu si mnyama wa kutazamwa," nilisema.

Lakini mama mkubwa alikuwa ameshasimama. Aligonga kifua chake kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, haraka, kama mtu anayeogopa wengine watabadilisha mawazo. Nje, nilipomshika na kumsihi arudi nyumbani tu, nimpikie, apumzike, alitoa mdomoni kitambaa alichokuwa akizuilia mate ili anijibu. Ilimchukua muda kulimaliza kila neno.

"Nikae wapi? Ku dirisha yako? Niongee na ukuta?"

Jumatatu wakaja wanachama wapya, wanawake vijana, wengine na watoto mgongoni ambao niliwaomba wawapeleke kwanza kwa jirani. Niliwaeleza soda kali, kama kawaida. Niliwaeleza mafuta na ngozi, na jinsi maji yasivyomwagwa kwenye soda. Niliwaeleza tumbaku na majivu, na zile kemikali zisizo na harufu. Kisha Mama Prezida akanionyesha mlangoni kwa kidevu, na wote wakageuka.

Mama mkubwa alikuwa amejiandaa. Alikuwa amepaka mafuta usoni, na kilemba alikifunga vizuri. Alitoa kitambaa, akafungua kinywa.

Mmoja alijiziba mdomo. Mwingine alimkanyaga mwenzake akirudi nyuma, wakacheka kwa woga. Nilichukua kalamu, nikaonyesha bila kumgusa: hapa palikuwa na ulimi, hapa ndipo ugoro ulipokaa, huu ni mshono. Niliwaambia jambo la kuangalia nyumbani kwao, kwa mama zao na bibi zao. Doa jeupe lisilofutika, kidonda kisichouma na kisichopona. Msisubiri kianze kuuma, nikawaambia, kwa sababu hiki huanza bila kuuma. Walinisikiliza. Walinisikiliza kuliko siku zote nilizowahi kufundisha.

"Fungua zaidi, mukubwa," alisema Mama Prezida. "Ba nyuma habaoni."

Akafungua zaidi. Mshono ulivutika ukawa mweupe, mikono yake ikashika kingo za kigoda, na mate yakateremka mpaka kwenye kitenge. Nilishika kitambaa chini ya kidevu chake. Wa nyuma walisogea mbele, na wa mbele wakarudi nyuma, zamu kwa zamu, mpaka kila mtu alipoona.

Walipokwenda kuvaa glavu, alifunga kinywa taratibu, akajifuta, akanivuta nguo ili niiname. Aliniuliza kama amefungua vizuri.

Nikamwambia vizuri sana.